Kabla ya Kulipa Ada: Fahamu Ithibati ya Chuo

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yanapotangazwa, familia nyingi za Ufipa huuza mahindi, maharage au ng'ombe ili kumpeleka kijana chuoni. Uzuri wa majengo na wa matangazo hauwezi kuzihakikishia familia hizo kwamba cheti kitakachopatikana kitatambuliwa. Uhakika huo hutokana na ithibati.

Ithibati ni uthibitisho wa mamlaka ya Serikali kwamba mafunzo yanakidhi viwango vilivyowekwa. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET) husimamia ufundi stadi, astashahada na stashahada. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) husimamia elimu ya vyuo vikuu. Chuo kimoja chaweza kuwajibika kwa mamlaka zote mbili. Kwa mfano, shahada za Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), chenye kampasi mkoani Rukwa, ziko chini ya TCU, ilhali stashahada zake ziko chini ya NACTVET.

Chuo huanza kwa kuomba usajili. Wakaguzi hutazama madarasa, maabara, maktaba, sifa za walimu na uwezo wa kifedha. Baadaye hupimwa mitaala, ufundishaji na uendeshaji wa mitihani. Ithibati si ya kudumu; viwango vikishuka, chuo huweza kuzuiwa kudahili. Mwaka 2017, baada ya uhakiki, TCU ilizuia vyuo vikuu 19 kupokea wanafunzi wapya.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalifahamu ni kwamba usajili wa chuo pekee hautoshi. Kila kozi huidhinishwa peke yake, kwa ngazi yake. Chuo kilichoidhinishwa kufundisha kilimo hakipati kwa sababu hiyo ruhusa ya kufundisha famasia.

Athari za kupuuza jambo hili hujitokeza baada ya masomo. Mhitimu wa stashahada anayeomba shahada huhitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, itolewayo na NACTVET. Aliyesoma kozi isiyotambuliwa haipati. Vivyo hivyo, muuguzi hawezi kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa cheti cha mafunzo yasiyotambuliwa, na bila usajili huo haruhusiwi kuhudumia wagonjwa.

Kabla ya kulipa ada, mzazi na kijana wanashauriwa kusoma mwongozo wa udahili wa mwaka husika, unaopatikana bila malipo katika tovuti za NACTVET na TCU. Humo watafute jina kamili la chuo, kampasi, kozi, ngazi na sifa za kujiunga. Asiye na intaneti amwombe mkuu wa shule aliyosoma kijana amsaidie. Kozi isipoonekana humo, fedha ibaki nyumbani mpaka mamlaka husika iulizwe na kujibu.