Wakimbizi, Kipande na Ahadi za Nairobi: Maelezo kwa Watu wa Kehancha Walio Ughaibuni

Tangu Machi 28, 2025, Rais William Ruto alipozindua Mpango wa Shirika jijini Nairobi, simu za nyumbani zimekuwa na swali jipya. Mtu anakusalimu, anakupa habari za mvua, za mahindi na za bei ya tumbaku, kisha anauliza: hawa wakimbizi wanapewa nini ambacho sisi hatujawahi kupewa? Anayeuliza hana nia mbaya. Ana watoto waliomaliza shule na hawana kazi, na amesikia kwenye redio kwamba kuna mabilioni yanayotafutwa kwa ajili ya watu waliotoka nchi nyingine.

Kehancha, mji wetu wa Wakuria katika kaunti ya Migori, haina kambi ya wakimbizi. Kakuma iko Turkana, upande wa Sudan Kusini, na Dadaab iko Garissa, upande wa Somalia. Watu wetu wengi hawajafika huko, isipokuwa askari na walimu waliopelekwa kikazi. Hata hivyo hasira imefika, na inafaa kuielewa: imetoka wapi, ina haki kiasi gani, na ielekezwe kwa nani.

Kwanza tujue mpango wenyewe. Kenya ina wakimbizi zaidi ya 800,000. Wengi wametoka Somalia na Sudan Kusini, wengine Kongo, Ethiopia, Burundi na Sudan. Dadaab ilifunguliwa mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka. Kakuma ilifuata mwaka 1992, kwa ajili ya wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu, wengi wao wakiwa wamepitia Ethiopia. Kuna watu waliozaliwa katika kambi hizo ambao sasa wana watoto wa kuwapeleka shule. Mpango wa Shirika unataka kambi ziwe miji ya kawaida: shule, hospitali na maji vitumiwe na wakimbizi pamoja na wenyeji, chini ya serikali ya kaunti badala ya mashirika ya misaada. Hauwapi wakimbizi uraia. Kwa maneno mengine, ni mpango wa kumwezesha mtu kujilisha mahali alipokaa miaka thelathini akilishwa.

Wazo hilo naliunga mkono. Tatizo ni kwamba limetoka kinywani mwa serikali ambayo, kwa karibu miaka kumi, ilikuwa ikisema kinyume chake.

Desemba 2012 iliagizwa kwamba wakimbizi wote walioko mijini warudishwe kambini. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kilikwenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikalifuta agizo hilo. Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch: maelfu ya watu, hasa Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani, wakiwemo Wakenya wenye vitambulisho. Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye Naibu wa Rais alilipatia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, UNHCR, miezi mitatu liihamishe Dadaab, la sivyo Kenya ingeihamisha yenyewe. Naibu huyo alikuwa William Ruto. Mei 2016 serikali ikatangaza kuifunga Dadaab na kuivunja idara ya wakimbizi. Februari 9, 2017, Jaji John Mativo akaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Machi 2021 Waziri Fred Matiang'i akatoa siku 14 ili UNHCR ilete mpango wa kuzifunga kambi zote mbili. Halafu ikasemwa zitafungwa kufikia Juni 30, 2022. Tarehe hiyo ilifika, ikapita, na kambi zikabaki na watu wengi kuliko awali.

Nimeorodhesha mambo haya kwa makusudi, kwa sababu ndiyo chanzo cha hasira ya pande zote mbili. Raia aliambiwa miaka yote hiyo kwamba mkimbizi ni hatari ya usalama na kwamba ataondoka kesho. Alipozoea kuamini hivyo, akaambiwa ghafla kwamba mkimbizi ni mshirika wa maendeleo, bila mtu kukiri kwamba lugha imebadilika au kueleza kwa nini. Ndiyo maana viongozi na wakazi wa Garissa na Turkana walidai kusikilizwa kwanza. Turkana ni miongoni mwa kaunti maskini zaidi nchini. Mtu anayeishi kando ya kambi, akachimba visima pamoja na wageni na kuuza kuni na mbuzi huko, ana haki ya kuulizwa kabla mji haujachorwa juu ya malisho yake.

Upande wa mkimbizi, shida kubwa ni karatasi. Bunge lilipitisha sheria mpya ya wakimbizi, ikatiwa saini Novemba 2021 na kuanza kutumika Februari 2022. Kwenye maandishi ni sheria nzuri. Inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi au biashara, na ya kutumia taaluma yake ikiwa vyeti vyake vinatambuliwa nchini. Lakini ili afanye kazi anahitaji kibali cha daraja la M, na ili apate kibali anahitaji kitambulisho cha mkimbizi, ambacho watu wengi wamekingojea kwa miaka. Bila kitambulisho hicho laini ya simu kwa jina lake ni taabu, na bila laini hakuna M-Pesa, na nyote mnajua maisha ya Kenya yalivyo kwa mtu asiye na M-Pesa. Isitoshe, aliyeandikishwa kambini hawezi kutoka bila pasi ya kusafiri, na pasi hutolewa kwa sababu maalumu kama matibabu au masomo. Daktari wa meno kutoka Khartoum au fundi wa magari kutoka Bukavu anaweza kukaa Kakuma akiwa na haki ya kufanya kazi asiyoweza kuifikia.

Kuna kifungu kimoja katika sheria hiyo kinachowahusu watu wa mpakani kama sisi, na sijakisikia kikizungumzwa sana. Mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaruhusiwa kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari ili afaidi haki zinazotokana na Mkataba wa Jumuiya. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, na Somalia imejiunga pia. Kwa hiyo sehemu kubwa kabisa ya wakimbizi walioko Kenya wametoka nchi wanachama. Ila ukiacha ukimbizi unaacha na ulinzi wake. Mkongomani aliyekimbia Goma, mji uliotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, atahitaji hati za serikali yake ili aishi Kenya kama mwana-Jumuiya, na hana pa kuzipata kwa usalama. Mlango upo, lakini ufunguo uko katika nyumba aliyoikimbia.

Kisha chakula kikapunguzwa. Mwaka 2025, baada ya Marekani na wafadhili wengine kukata misaada, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilishusha mgao katika kambi za Kenya hadi asilimia 28 ya kiwango kamili na kusimamisha fedha za Bamba Chakula, ambazo familia zilizitumia kununua mboga na vitu vingine madukani. Machi hiyo hiyo ya uzinduzi wa Shirika, wakimbizi wa Kakuma waliandamana kudai chakula na maji, polisi wakafyatua risasi na watu wakajeruhiwa. Agosti ukaanza utaratibu mpya wa kugawa familia katika makundi kulingana na uhitaji, ambapo wanaohesabiwa kuwa wanajiweza hawapati chochote. Hebu jiulize utajiwezaje ikiwa huna kibali cha kazi na huruhusiwi kutoka. Hapo ndipo mpango wa kujitegemea ulipogongana na hali halisi, na serikali ilikuwa na miaka mitatu ya kulizuia hilo kwa kutoa vitambulisho tu.

Liko jambo jingine lililowakera Wakenya wengi, nami limeniuma pia. Februari 2025, wiki chache kabla ya uzinduzi, kundi la RSF la Sudan lilikusanyika katika jumba la KICC, Nairobi, likatia saini pamoja na washirika wake mkataba wa kuunda serikali yao. RSF ni upande mmoja wa vita vilivyoanza Aprili 15, 2023, vita vilivyowatoa majumbani watu wengi kuliko vingine vyovyote duniani kwa sasa. Januari 2025 Marekani ilikuwa imetangaza kwamba kundi hilo limefanya mauaji ya halaiki. Serikali ya Kenya ilijitetea kwamba ilitoa tu uwanja wa mazungumzo ya amani. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na mwezi Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Majirani zetu wa Kisii na Nyamira wanaouza chai wanajua maana yake. Kwa maoni yangu, nchi haiwezi kumpokea mama aliyekimbia El Fasher kwa mkono mmoja na kumfungulia ukumbi aliyemfukuza kwa mkono wa pili, kisha ikataka isifiwe kwa ukarimu.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu Kehancha ina la kusema katika jambo hili kuliko inavyodhaniwa.

Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani kuelekea Ziwa Victoria, kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini, uliwagawa Wakuria bila kuwauliza. Wengine wakawa wa Tarime, wengine wakawa wa Kehancha na Kegonga. Mtu wa mpakani anajua kuulizwa babu yake alizaliwa upande gani kabla hajapewa kipande, yaani kitambulisho. Huko Garissa kuna watoto wa Kenya ambao wazazi wao, wakati wa ukame, waliwaandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Walipotimiza miaka 18 walinyimwa kitambulisho cha taifa kwa sababu alama za vidole vyao zilikuwa tayari katika daftari la wakimbizi. Hawa ni raia waliopotea ndani ya nchi yao. Februari 2025 Rais alitangaza kuondoa uhakiki wa ziada kwa vijana wa kaunti za mpakani. Ni hatua njema, na ikitekelezwa kwa dhati Wasomali na Wakuria watanufaika sawa.

Tena vijana wetu ni wanajeshi. Tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, Wakuria wamejaa jeshini kupita idadi yao, na majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia Oktoba 2011, mwaka ambao njaa na vita viliifanya Dadaab ikaribie watu nusu milioni, wana wetu walikuwemo. Familia iliyopokea jeneza kutoka El Adde, Somalia, kambi ya wanajeshi wa Kenya iliposhambuliwa mwaka 2016, inavijua vita vilivyomtoa Msomali kwake.

Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakahama makwao. Takribani Wakenya 12,000 walivuka kwenda Uganda na kuwa wakimbizi huko Mulanda, kisha Kiryandongo. Serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani Mei 2008, ilitoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa nyumba iliyoteketezwa, na hesabu yake ilianzia kwenye mahema. Waliorudi Kisii, Nyamira na Migori wakapokelewa na shangazi na kaka, wakalala jikoni kwa watu, walisubiri miaka mingi, na wako ambao bado wanasubiri. Waliadhibiwa kwa kuwa na jamaa wema. Mtu aliyepitia hayo akiuliza kwa nini mgeni atajengewa mji, tusimwite mbaguzi. Anaidai serikali deni la kweli. Kosa ni kumtuma mkimbizi akalipe deni hilo.

Ng'ambo ya mpaka wa Sirari kuna historia ya kujifunza. Tanzania ya Mwalimu Nyerere iliwapa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 ardhi ya kulima Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakaacha kutegemea misaada. Miongo minne baadaye, takribani 162,000 wakapewa uraia. Baadaye nchi hiyo hiyo ikabadilika, na mwaka 2018 ikajitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwaingiza wakimbizi katika maisha ya wenyeji. Ardhi na karatasi zilifanya kazi pale zilipotolewa.

Sisi tulioko Marekani tumeona sura nyingine. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa siku ya kwanza ya utawala mpya, na waliokwisha kupimwa, kuhojiwa na kupangiwa ndege walibaki Kakuma wakiwa wameuza vyombo vyao. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 nafasi zimewekwa 7,500 tu kwa dunia nzima. Kwa hiyo wanaongojea kambini wataendelea kuwa majirani wa Wakenya, tupende tusipende.

Kwa hiyo ombi langu kwa jumuiya yetu ni hili. Tuache kusambaza sauti na video zinazosema wakimbizi wanakula fungu letu, kwa maana bajeti ya Kuria haijawahi kupelekwa Kakuma. Tuwaulize wabunge wa Kuria Magharibi na Kuria Mashariki, na seneta wa Migori, mambo matatu: vitambulisho vya wakimbizi na vibali vya daraja la M vitatolewa ndani ya siku ngapi, orodha ya waliohamishwa mwaka 2008 wakapokelewa na jamaa huku kwetu iko ofisi gani na imelipwa kiasi gani, na vijana wa mpakani wanapata kipande kwa muda sawa na wa Nyeri au hapana. Viongozi hawa hututembelea huku kutafuta kura na michango. Wakija tena, waje na majibu kwa maandishi.