Mshahara Umekatwa, Je, Mmeelezwa?

Kampuni moja ya Marekani iliyotengeneza vipuri vya ndege na magari ilipoteza mikataba. Badala ya kupunguza watu, iliamua kukata mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10 katika viwanda vyake viwili. Mtafiti Jerald Greenberg alifuatilia yaliyotokea, akalinganisha na kiwanda cha tatu ambacho mishahara yake haikuguswa.

Katika kiwanda cha kwanza, mkuu wa kampuni alikaa na wafanyakazi kwa saa moja na nusu. Aliwaonyesha hesabu, akawaeleza sababu, akasema anasikitika, akajibu maswali. Kiwanda cha pili kilipewa robo saa tu: tangazo, maneno machache, basi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Wizi wa mali ya kampuni uliongezeka katika viwanda vyote viwili, lakini kile cha pili kilizidi kwa mbali, na huko ndiko watu wengi walikoacha kazi. Mishahara iliporudishwa, wizi nao ukashuka. Makato yalikuwa yaleyale. Tofauti ilikuwa jinsi watu walivyoelezwa na kuheshimiwa.

Wataalamu walikuwa wameanza kuchunguza hisia hizi za haki mapema zaidi. Katika miaka ya 1960, J. Stacy Adams alieleza kwamba mfanyakazi hautazami mshahara wake peke yake. Hupima anachotoa, yaani muda, ujuzi na jasho, dhidi ya anachopata, kisha hujilinganisha na mwenzake. Akiona amepunjwa, hulegeza mkono, hudai nyongeza au hutafuta kazi kwingine.

Mwenzake huyo ni nani? Hapo ndipo penye uzito. Utafiti wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ulioongozwa na Samuel Stouffer, ulikuta polisi wa jeshi, ambao vyeo kwao vilipanda taratibu, wakilalamika kidogo kuliko wanajeshi wa anga, ambao walipandishwa vyeo kwa haraka. Polisi aliyebaki chini aliona wenzake wengi wako palepale. Mwanajeshi wa anga aliyerukwa aliona karibu kila mtu amempita.

Ndiyo maana katika ofisi za Dar es Salaam au Nairobi ugomvi mkali huweza kuzuka juu ya safari ya kikazi au posho ya semina. Fedha yenyewe inaweza kuwa ndogo. Kinachouma ni jina lilelile kutajwa kila mara, bila mtu kujua limechaguliwaje. Watu wanasema fulani anabebwa, na neno hilo likishaenea, hata aliyepanda kwa juhudi zake anatiliwa shaka.

Mwaka 1980 Gerald Leventhal alitaja vigezo ambavyo watu hutumia kupima utaratibu wa kufikia uamuzi: je, kanuni ni moja kwa wote? Anayeamua ana maslahi yake? Taarifa alizotumia ni sahihi? Kosa linaweza kurekebishwa? Wanaoguswa wamesikilizwa? Maadili yamezingatiwa?

Sheria za Afrika Mashariki zinakubaliana na hisia hiyo ya haki. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki. Anayeona ameonewa anaweza kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi anayekabiliwa na kufutwa kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe.

Kwa hiyo mwajiri anaweza kuwa na sababu ya kweli kabisa, hata wizi uliothibitishwa, na bado akashindwa kesi kwa kuwa hakumpa mtu nafasi ya kujieleza kabla ya kumwandikia barua.