Dereva akiugua ng'ambo ya mpaka, nani analipa hospitali na dawa?

Na Mwandishi Wetu

Dereva wa lori la masafa marefu aliyeajiriwa rasmi hukatwa fedha mara mbili kila mwezi kabla mshahara haujamfikia: mara ya kwanza kwa ajili ya bima ya afya, na mara ya pili kwa ajili ya chama cha wafanyakazi. Hata hivyo, akiugua safarini, hasa akiwa ameshavuka mpaka, mara nyingi hujikuta analipa hospitali na dawa kutoka mfukoni, na fedha hiyo hairudi.

Chukua mfano wa dereva aliyetoka Mombasa na kontena la Kigali. Homa inamkamata akiwa kwenye foleni ya Malaba. Anavuka akidhani itapungua, lakini karibu na Tororo hali inakuwa mbaya. Anaingia hospitali binafsi na kuonyesha kuwa ni mwanachama wa bima ya Kenya. Anaambiwa pale haifanyi kazi. Analipa kwa posho ya safari. Akirudi ofisini na risiti isiyo na jina lake wala jina la dawa, mhasibu anaikataa. Gari limesimama siku tatu, mwenye mzigo anapiga simu kila saa, na dereva amebaki na deni.

Katika mfano huu haki zilikuwepo. Kilichokosekana ni kujua mapema nani analipa nini, na karatasi gani inatakiwa. Makala haya yanaeleza hayo mawili.

Ugonjwa wa kawaida: bima ya taifa

Kwa upande wa Kenya, mfuko wa zamani wa NHIF uliacha kazi na nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato. Dereva wa shilingi 40,000 za Kenya hukatwa shilingi 1,100 kwa mwezi, sawa na shilingi 13,200 kwa mwaka. Mwajiri haongezi kitu. Kazi yake ni kukata na kuwasilisha fedha hiyo ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Hapo ndipo tatizo la kwanza huanzia. Mwajiri akikata na kuchelewa kuwasilisha, hospitali itaona mchango haujalipwa. Dereva yuko Rusumo, lakini anayerudishwa dirishani ni mkewe aliyepelekwa kujifungua nyumbani. Hivyo, usitegemee hati ya malipo ya mshahara peke yake. Piga *147# uangalie kama michango imeingia.

Ni vizuri pia kujua kwamba matibabu ya nje katika zahanati na vituo vya afya vyenye mkataba na SHA hulipwa na mfuko wa afya ya msingi unaogharamiwa na serikali, kwa kila aliyejiandikisha. Kwa homa au kuhara ukiwa barabarani ndani ya Kenya, anza huko badala ya kukimbilia hospitali kubwa. Kulazwa katika hospitali kubwa ndiko hutegemea michango iliyolipwa.

Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianza kazi mwaka 2001. Mchango kwa mwajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri na mfanyakazi hugawana nusu kwa nusu. Kwa mshahara wa shilingi 600,000 za Tanzania, jumla ni shilingi 36,000, yaani 18,000 kwa kila upande. Ukiona umekatwa zote 36,000, uliza, kwa sababu nusu ni ya mwajiri.

Uganda haina bima ya taifa ya afya. Muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukusainiwa kuwa sheria. Hata hivyo, hospitali za serikali ziliondoa ada kwa wagonjwa wa kawaida mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Dereva asiye na fedha anaweza kuanza huko, ingawa dawa zikiisha atatumwa kununua duka la nje.

Jambo la kukumbuka ni hili: mifuko hii inafanya kazi ndani ya nchi yake. Ukivuka Namanga, Malaba au Tunduma, usitegemee kadi ya nyumbani kwa ugonjwa wa kawaida. Kuanzia hapo unahitaji mkataba wako na mwajiri, au bima binafsi inayotaja nchi unayokwenda.

Ajali: mlipaji ni mwingine

Dereva akiumia kazini, asiitumie bima yake ya kawaida kabla ya kuuliza. Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 (WIBA) inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi na agharamie matibabu ya aliyeumia. Sheria hiyo inamlinda pia mfanyakazi wa Kenya anayeumia akiwa nje ya nchi kwa muda kwa kazi ya mwajiri wake. Dai linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12. Tanzania Bara, kazi hiyo inafanywa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mfanyakazi hakatwi chochote.

Kuna kinga nyingine ambayo dereva anaweza kuwa nayo ndani ya gari bila kuijua. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo mwenye gari huikata ili apite mpaka, hailipi tu watu wa nje waliogongwa. Hugharamia pia matibabu ya dereva na abiria wa gari lenyewe wakiumia katika ajali ng'ambo, kwa kiwango kilichowekwa. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi zimo, na Tanzania imo ingawa si mwanachama wa COMESA. Lakini kadi hiyo ni ya ajali ya barabarani. Hailipi malaria.

Chama kinaingia wapi

Sheria na mifuko ya taifa ni kiwango cha chini. Kinachozidi hapo hupatikana kwenye mkataba kati ya chama na mwajiri, ambao Tanzania huitwa mkataba wa hali bora na Kenya wengi huuita CBA. Humo ndimo yanapoweza kuwekwa mambo ambayo bima ya taifa haina: kurudishiwa gharama za matibabu ng'ambo, fedha ya dharura ya safari, bima binafsi ya nyongeza, na usafiri wa kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Mkataba huo si siri. Kenya husajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na Tanzania nakala hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Mwombe katibu wa tawi nakala, ufungue kifungu cha matibabu, na utafute majibu ya maswali manne: Je, kinataja nje ya nchi? Kiwango cha juu ni kiasi gani? Nani analipa kwanza, dereva au kampuni? Risiti ziwasilishwe ndani ya siku ngapi?

Wapo madereva ambao si wanachama lakini hukatwa ada ya uwakala kwa sababu mkataba wa chama unawahusu. Sheria za Kenya na Tanzania zinaruhusu makato hayo. Kama unakatwa, basi mafao ya mkataba huo ni yako pia. Yadai.

Chama kina kazi nyingine kubwa: kufuatilia makato yasiyowasilishwa. Dereva mmoja akiuliza peke yake anaweza kuogopa kunyimwa safari. Orodha ya majina 30 ikipelekwa na chama, ni vigumu kuipuuza.

Pia usisahau likizo ya ugonjwa. Tanzania ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Kenya kiwango cha chini, baada ya miezi miwili ya kazi, ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu kila mwaka. Zote zinahitaji cheti cha daktari. Kwa dereva ambaye kipato chake kikubwa ni posho ya safari, mshahara kamili wa ugonjwa unaweza kuwa mdogo sana. Hilo nalo ni la kujadiliwa na chama wakati wa mkataba.

Dawa za kila siku na karatasi zake

Mwenye shinikizo la damu au kisukari hawezi kungoja arudi nyumbani. Kabla ya kuondoka, mweleze daktari njia yako na idadi ya siku, akupe dawa za safari nzima pamoja na siku za foleni. Mwambie aandike jina halisi la dawa, kama amlodipine au metformin, si jina la kiwanda tu, maana jina la kiwanda linalojulikana Nairobi huenda halijulikani Lubumbashi. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI aombe za miezi mitatu au zaidi kama hali yake ni tulivu. Dawa hizo na za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali Kenya, Uganda na Tanzania.

Beba dawa katika pakiti yake, pamoja na cheti cha daktari. Hili ni la lazima zaidi kwa dawa kali za maumivu kama tramadol, ambazo bila cheti zinaweza kukuingiza matatani mpakani.

Ukinunua dawa safarini na unataka kurudishiwa fedha, hakikisha unazo karatasi tatu: cheti cha daktari chenye jina la ugonjwa, orodha ya dawa, na risiti yenye jina lako, tarehe na mhuri. Kama risiti ni ya shilingi za Uganda au faranga za Kongo, andika pembeni kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo. Piga picha zote na uzitume ofisini siku hiyo hiyo, kwani karatasi hulowa na kupotea.

Kwa wenye magari na wafanyabiashara

Msafirishaji anayeona haya ni gharama afanye hesabu ya upande wa pili: siku tatu za lori kusimama, dereva wa kubadilisha na nauli yake, na mzigo kuchelewa. Fedha ya dharura ya matibabu, inayotolewa kwa simu baada ya picha ya cheti kufika, mara nyingi itakuwa ndogo kuliko siku moja ya gari kulala.

Mfanyabiashara anayejitegemea hana mwajiri wala chama cha kumfuatilia. Kenya, asiye na mshahara huchangia SHA kulingana na tathmini ya kipato cha kaya, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa kwa mwaka mzima. Asingoje augue ndipo alipe.

Kabla ya kuwasha gari, dereva athibitishe mambo matano: michango imeingia, Kadi ya Njano iko hai, nakala ya kifungu cha matibabu iko kwenye simu, dawa na cheti viko kwenye begi, na namba ya katibu wa tawi imehifadhiwa. Kuyakagua hayo hakuchukui hata nusu saa.