Makazi ya Mzazi Anayeshinda Nyumbani: Namna ya Kukipima Kitongoji cha Dar es Salaam

Familia nyingi za Dar es Salaam huchagua mahali pa kuishi kwa vipimo viwili, yaani urefu wa safari ya kwenda kazini na ukubwa wa nyumba unaoweza kupatikana kwa fedha zilizopo. Vipimo hivyo vinamfaa mzazi anayeondoka alfajiri na kurejea usiku, kwa kuwa kwake mtaa ni mahali pa kulala tu. Havimfai mwenzake anayebaki na watoto, ambaye mtaa huohuo ndio kazini kwake, sokoni kwake, zahanati yake na barazani kwake kwa saa zote za mchana. Mahali wanapotofautiana wawili hao, hoja ya anayeshinda hapo ndiyo inayostahili uzito zaidi, na sehemu kubwa ya majuto ya wanaohama hutokana na kuipuuza.

Neno kitongoji linatumika hapa kwa maana yake ya zamani ya makazi yaliyo pembezoni mwa mji, si kwa maana ya kiutawala ya sehemu ya kijiji, kwa sababu katika miji ya Tanzania ngazi ya chini ya utawala huitwa mtaa. Mzazi anayeshinda nyumbani ni yule ambaye kazi yake kuu ni malezi na shughuli za nyumba. Mara nyingi huyo ni mama, japo akina baba wapo, na ni nadra kumkuta akiwa hafanyi jingine lolote, kwani nyuma ya geti kuna mabanda ya kuku, varandani kuna cherehani na mbele ya nyumba kuna genge la nyanya na mchicha. Kwa hiyo kitongoji kinachomfaa ni kile kinachoyabeba malezi na riziki hiyo ndogo kwa pamoja.

Ugumu wa kukipata unatokana na kasi ya mji wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 5,383,728, yaani ongezeko la watu zaidi ya milioni moja katika miaka 10. Wengi wao hawakupata nafasi Kariakoo, Ilala wala Magomeni, bali walifuata barabara kuu zinazotoka mjini: ya Bagamoyo hadi Tegeta na Bunju, ya Morogoro hadi Kimara, Mbezi na Kibamba, ya Nyerere hadi Gongo la Mboto na kuelekea Chanika, na ya Kilwa hadi Mbagala. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, Kigamboni nayo, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea kivuko, ikaingia katika hesabu za watafuta viwanja. Nyumba zilitangulia na huduma zikafuata, pengine baada ya miaka mingi, na sehemu kubwa ya makazi hayo haikupimwa, maana yake serikali haikugawa mapema viwanja, njia na maeneo ya umma kabla watu hawajajenga.

Palipopimwa mapema tofauti yake inaonekana hadi leo. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilitekeleza mpango wa viwanja na huduma, ambao haukuwajengea watu nyumba bali uliwapatia viwanja vidogo vilivyopimwa pamoja na barabara, maji na maeneo ya shule, kila familia ikajenga kwa uwezo wake. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni matunda ya mpango huo. Anayetembea Sinza ataona kwamba nyumba zimekaribiana, barabara za ndani zinaunganika, na duka, msikiti, kanisa, shule na kituo cha daladala viko umbali ambao mtoto wa miaka sita anaweza kuutembea bila kubebwa. Kwa mzazi mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, mpangilio wa namna hiyo una thamani kuliko chumba cha tatu cha kulala. Lakini Sinza hiyohiyo inatoa onyo, kwa sababu ukaribu ulioifanya ifae familia uliifanya ifae biashara pia, na nyumba nyingi zilizokusudiwa kuwa makazi zimegeuzwa baa, gesti na fremu za maduka, kiasi kwamba baadhi ya mitaa yake haina usiku wa kumlaza mtoto. Upimaji wa awali haumlindi mkazi iwapo matumizi ya ardhi yanabadilishwa nyumba kwa nyumba. Anayekagua mtaa wa zamani na aikague pia nyumba ya jirani.

Kishawishi kikubwa zaidi kiko pembezoni. Fedha inayopangisha vyumba viwili Mwenge hupangisha nyumba nzima yenye uzio Goba, Madale au Kibada, na anayenunua kiwanja hupata huko ardhi ya kutosha bustani. Baadhi ya maeneo hayo yalipimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, hivyo hayakosi mpangilio wala hati. Kasoro yake haionekani kwenye ramani. Viwanja ni vikubwa, vingine bado ni vichaka, kila aliyejenga amezungusha ukuta, na kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni mtaa hubaki na mbwa, mlinzi na mama mmoja mmoja kila geti. Mtoto hukulia uani akiwa na wanasesere badala ya wenzake, na mzazi aliyezoea kuitana na jirani dirishani hugundua kwamba usalama alioulipia una bei nyingine, nayo ni upweke. Huo si udhaifu wa tabia yake, ni matokeo ya umbali kati ya mlango na mlango, na anayehama akitokea nyumba ya wapangaji wengi, alikokuwa akilalamikia foleni ya choo na kelele za redio, hushangaa anapozikumbuka.

Maji yanahitaji swali lake la pekee, kwa kuwa anayeyasubiri bombani ni yule aliye nyumbani. Maji mengi ya DAWASA, mamlaka ya majisafi ya Dar es Salaam, yanatoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili, Ruvu Chini na Ruvu Juu, na mto huo ulipopungua mwishoni mwa mwaka 2022 mji uliingia katika mgao. Bomba lililopo uani si ushahidi wa maji yaliyopo ndani ya bomba. La kuuliza ni siku ngapi kwa wiki yanatoka, saa ngapi, na yanapokata watu huchota wapi, na jibu la kuaminika hutoka kwa mama anayefua jirani, wala si kwa dalali. Nyumba yenye simtanki la lita 5,000 inaweza kumpunguzia mzazi kazi kuliko jiko lenye vigae.

Barabara ni jambo ambalo wazazi huliogopa kwa haki, ingawa mara nyingi huliangalia kwa jicho la mwenye gari. Lami mpya huongeza bei ya kiwanja na kasi ya bodaboda kwa pamoja. Shirika la Amend, linaloshughulikia usalama barabarani barani Afrika, lilionyesha Dar es Salaam kwamba maeneo ya shule yanaweza kufanywa salama kwa hatua zisizo na gharama kubwa: matuta, njia za waenda kwa miguu, alama na vivuko, na pengine kuhamisha lango la shule kutoka barabara kuu hadi upande wenye magari machache. Kazi hiyo ilipata mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji ya Kituo cha WRI Ross. Mzazi anaweza kuvitumia vitu hivyohivyo kama orodha yake ya ukaguzi, akiitembea njia ya kutoka nyumba anayoitaka hadi shule ya msingi iliyo karibu na kuhesabu mara ngapi mtoto atavuka barabara, mahali gani hakuna tuta, na wapi njia ya miguu inaishia mtaroni.

Ukaribu wa shule una hesabu nyingine ndani yake. Mabasi ya shule za mchepuo wa Kiingereza, yaani zile zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, huanza kuzunguka kabla ya jua kuchomoza, na mtoto anayeishi mbali hula kifungua kinywa akisinzia. Familia ambayo mzazi mmoja amebaki nyumbani kwa ajili ya watoto, kisha ikawaweka watoto hao ndani ya basi kwa saa tatu kila siku, imelipa gharama mara mbili kwa kitu kimoja. Zahanati nayo, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza ya tiba chini ya kituo cha afya na hospitali, haitembelewi wakati wa ugonjwa tu, kwani mtoto huanza chanjo anapozaliwa, hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha hupata chanjo ya surua miezi 9 na miezi 18, na katikati yake kuna kliniki za kupimwa uzito. Safari hizo zote humwangukia mtu mmoja.

Masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo mtihani wa kitongoji. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Mto Msimbazi yaliwaondoa watu wengi mabondeni, na serikali ikawapatia baadhi yao viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa mji. Majina mengine ya mahali yanatoa tahadhari yenyewe, kama Bonde la Mpunga huko Msasani, kwa kuwa mpunga haulimwi kwenye kilima. Hata nyumba iliyo juu haiko nje ya mvua: maji yanapojaa Jangwani na Barabara ya Morogoro kufungwa, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni hukwama pia, na mzazi aliye Kimara huongezewa saa nyingine kadhaa za kuwa peke yake na watoto wakati mwenzake yuko njiani.

Kuhusu watu, mlango wa kuingilia ni ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi, na chini yake yupo mjumbe, anayeitwa pia balozi, ambaye nafasi yake imetokana na mfumo wa nyumba kumi ulioanzishwa na chama cha TANU katika miaka ya 1960. Mjumbe anajua nani ameibiwa, nani anauza gongo, nyumba ipi ina mgogoro wa mirathi na kama kuna kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Nusu saa ya mazungumzo naye huokoa kodi ya miezi sita, ambayo wenye nyumba wengi huitaka kwa mkupuo, pamoja na kodi ya mwezi mmoja ambayo dalali huichukua kama ujira. Maongezi hayo yafanyike siku ya kazi, mchana, kwa miguu, kwa sababu Jumapili jioni, wakati ambao madalali hupenda kuonyesha nyumba, kila mtaa una watoto wanaocheza na majirani waliokaa vibarazani.

Linabaki suala la haki, ambalo kwa kawaida huachwa hadi ugomvi utokee. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 59 cha sheria hiyo kinamzuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba mwenzi aliyechangia nguvu zake katika kuitunza na kuiendeleza ardhi anapata maslahi ndani yake hata kama hati ina jina la mwenzake pekee. Hata hivyo haki inayopaswa kuthibitishwa mahakamani ni ghali kuliko haki iliyoandikwa. Kwa familia inayonunua kiwanja Bunju, Chanika au Kigamboni kwa mshahara wa mmoja na malezi ya mwingine, majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano na kwenye maombi ya hati kabla tofali la kwanza halijapangwa.