Je, Wajua? Ebola, Beni na haki za anayejaribiwa dawa

Je, wajua kwamba dawa mbili za Ebola zinazotegemewa leo zilithibitishwa kwa wagonjwa wa kwetu Kivu Kaskazini, katika vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina? Jaribio lilianza Novemba 2018, nalo lilipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha.

Je, wajua nani alilipia? Serikali ya Marekani kupitia taasisi yake ya NIAID, pamoja na INRB, taasisi ya Kongo ya utafiti wa tiba ya Profesa Muyembe huko Kinshasa. Kwa hiyo watafiti walibanwa na sheria za pande zote mbili, ikiwemo kamati ya maadili ya Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Je, wajua kwamba hakuna mgonjwa aliyepewa dawa ya uongo ili alinganishwe na wenzake? Dawa zilikuwa nne (ZMapp, remdesivir, MAb114 na REGN-EB3), na kura ndiyo iliyoamua nani apate ipi, si daktari. Jambo hili lilipaswa kuelezwa mgonjwa au mlezi wake kabla ya kutia sahihi. Akikataa, bado ana haki ya kutibiwa.

Lakini sahihi ya nani, na katika hali gani? Watu wa Mbau na Oicha, karibu na Beni, walikuwa wakizika ndugu waliouawa kwa mapanga tangu 2014. Desemba 2018 Beni na Butembo zikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kisingizio cha Ebola. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mtu anayeishuku riposti nzima, yaani kampeni ya kupambana na Ebola, hawezi kuelewa karatasi ya ridhaa kwa kusomewa mara moja akiwa na homa kali. Anahitaji muda, lugha yake, na ndugu wa kuuliza maswali.

Je, wajua kwamba jaribio lilikatizwa kabla ya kufika mwisho? Kamati huru ilikuwa ikipitia matokeo njiani. Tarehe 9 Agosti 2019, wagonjwa 681 wakiwa wameshaingia kati ya 725 waliopangwa, ilisema basi. Kwa ZMapp walikufa karibu nusu. Kwa remdesivir, asilimia 53. Kwa MAb114 ilikuwa 35, na kwa REGN-EB3 takriban 34. Kungoja wale 44 waliobaki kungekuwa kucheza na roho za watu. Tangu hapo wagonjwa wapya walipewa moja ya zile mbili zilizofanya vizuri.

Je, wajua kwamba MAb114 ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995?

Na je, wajua kwamba jaribio hilo la dawa lilipokea wajawazito, hata watoto wachanga wa mama walioambukizwa? Mpango wa chanjo ya Ebola haukufanya hivyo. Wajawazito na wanaonyonyesha waliachwa nje kwa hoja ya kuwalinda, ingawa nao walikuwa wakiuguza nyumbani na kuambukizwa. Idhini ya kuwachanja ilikuja mwaka 2019 tu, mlipuko ukiwa umeshadumu miezi kadhaa.