Mama wa Kibanda Akikujua, Supu Haina Bei

Saa saba mchana, vibanda vya karibu na ofisi yetu hapa Nairobi huwa vimejaa hadi watu wanakula wamesimama. Hapo ndipo mwenzetu mmoja alikula ugali, sukuma na matumbo ya shilingi 150, akalipa kwa simu, akaiinua kwa mbali na kusema, "Mathe, nimetuma." Mama akaitikia tu. Angefanya nini, na mwiko uko mkononi na watu wengine sita wanangoja?

Pesa haikuingia. Jamaa alikuwa amekosea tarakimu moja ya till, na jina la duka asilolijua lilipotokea kwenye skrini hakulisoma. Mama aligundua jioni akipiga hesabu. Hakuwa na nambari ya kijana wala jina lake, alimjua sura tu. Kesho yake alimpakulia kama kawaida, ila hakukuwa na supu ya bure wala lile "Karibu, kastoma wangu." Ilichukua siku tatu kabla ya kijana kuuliza kuna nini.

Alilipa papo hapo na kuomba msamaha, na zile 150 zilizopotea tukamsaidia kuzifuatilia. Supu ilichukua wiki mbili kurudi.

Tunaisimulia kwa sababu wengi wetu tunadhani urafiki na mama wa kibanda ni stori na vicheko. Hivyo vipo, na ni vizuri. Lakini huyu mtu ameamka usiku kwenda Marikiti au Muthurwa kutafuta sukuma na nyanya, amenunua makaa, na faida yake kwa sahani moja ni ndogo sana. Sahani moja isiyolipwa inameza faida ya sahani zingine kadhaa. Anakupima kwanza kwa namna unavyolipa.

Kwa hivyo, ngoja meseji YAKE iingie. Ile iliyo kwenye simu yako haimsaidii, maana kuna watu wanaonyesha meseji ya jana, na wengine ya kujiandikia. Akisema "ngoja kidogo iingie", hajakuita mwizi. Mtandao ukisumbua, kaa, malizia chai. Bora zaidi, lipa kabla ya kula kama unajua utatoka mbio.

Halafu muulize till imeandikishwa kwa jina gani. Unaweza kupata ni la binti yake, au la biashara aliyoianza zamani akiuza mitumba. Ukishalijua, utalisoma kila mara kabla ya kukamilisha malipo, na hutatuma pesa kwa mgeni. Na hapo ndipo stori nzuri huanza, kwa sababu lazima akueleze huyo binti ni nani na anasoma wapi.

Kama anapokea kwa nambari yake ya kawaida, kumbuka kutoa pesa kuna ada, na anayeikatwa ni yeye. Akisema "weka na ya kutoa", usimwone mchoyo. Na nambari hiyo ni ya kulipia chakula. Usimtumie salamu za saa nne usiku.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulisema kwa upole. Wapo wanaokula, wanalipa, wakifika kona wanaomba pesa irudishwe wakidai walikosea nambari. Huo ni wizi, hatuna neno lingine. Huduma ya kurudisha pesa ipo kwa aliyekosea kweli. Ukiwa umemtumia mama 1,500 badala ya 150, rudi kwake kwanza, muonyeshe, muelewane. Ukiwa umetuma kwa mtu usiyemjua, wasiliana nasi haraka kabla hajazitumia.

Na deni? Tarehe 25 hatuna wa kumcheka mwenzake. Daftari la mama lina majina ya watu wenye tai. Kukopa si shida. Shida ni kuanza kupita upande ule mwingine wa barabara ukijifanya unaongea na simu. Anakuona. Nenda mwambie, "Mathe, leo nina hamsini, mia nitaleta Ijumaa," na Ijumaa utume kabla hajakuuliza. Halafu hakikisha amekata jina lako kwenye daftari, ukiwa hapo hapo.

Yule mwenzetu siku hizi anashuka saa sita na nusu, kabla ya msongamano, analipa, anasoma jina, ndipo anakaa. Wiki jana mkutano ulimchelewesha hadi saa nane, akashuka akijua chapo zimeisha. Mama akafungua hotpoti, akatoa mbili alizokuwa amezifunika na sahani.

"Nilijua utakuja," akamwambia. "Lakini lipa kwanza."