Morris: Ngoma ya Waingereza ambayo umri wake ulipatikana kwenye vitabu vya hesabu

Wanaume wamevaa nguo nyeupe, njuga miguuni, leso mkononi, wanarukaruka nje ya baa ya kijiji. Hiyo ndiyo morris, ngoma ya jadi ya Uingereza. Ukiuliza ilianza lini, wengi watakwambia ni ya kale mno, eti mabaki ya ibada za kabla ya Ukristo.

Kumbe ushahidi wa hilo hakuna.

Aliyechangia sana kueneza wazo hilo ni Cecil Sharp, mwalimu wa muziki aliyeiona ngoma hii Headington, karibu na Oxford, tarehe 26 Desemba 1899. Kwa kawaida ilichezwa Pentekoste, ila baridi ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi na wachezaji walitaka hela. Sharp akaandika nota za nyimbo zao kutoka kwa mpiga konsetina, William Kimber. Bila yeye nyingi zingepotea. Lakini kuhusu asili, alikisia tu.

Watafiti waliofuata, kama John Forrest na Michael Heaney, walichimba nyaraka: kesi za zamani, hesabu za makanisa na za vyama vya mafundi. Anayetoa pesa huandika. Rekodi ya kwanza inayojulikana ni ya 1448, pale chama cha masonara wa London kilipowalipa wachezaji shilingi 7. Baadaye ngoma inaonekana kwenye kasri la mfalme, kisha parokiani, na mwishowe kwa vibarua wa vijijini. Yaani ilishuka kutoka kwa wakubwa, haikupanda kutoka shambani.

Jina lenyewe linatokana na Wamoor, Waislamu wa Afrika Kaskazini na Hispania. Hata hivyo jina halithibitishi kwamba ngoma ilitoka kwao.

Je, haya yana uzito gani leo? Vikundi vingine, hasa vya mpakani na Wales, vilikuwa vikijipaka uso mweusi na kujitetea kuwa ni mila ya kale ya kujificha sura. Watafiti wakaonyesha uhusiano na maonyesho ya karne ya 19 ambamo Wazungu waliwadhihaki watu weusi. Utetezi ukakosa nguvu. Mwaka 2020 vyama vikuu vya morris vikatangaza kuachana na rangi hiyo, na baadhi ya wachezaji sasa wanajipaka buluu au kijani.